Kulirudisha jiko kuukuu la gesi la kuchomea nyama karibu na upya wake

Mwanzisha uzi, Entebbe

Salaam kwenu wanajukwaa. Hapa Entebbe, na hata kwenye vilima vya Kampala, familia za wageni zinapohama huuza au huacha vyombo vya uani, na miongoni mwake hakukosi jiko la gesi la kuchomea nyama lililosahauliwa mvuani: mfuniko umepauka, miguu imeshika kutu, na ndani mafuta ya miaka mingi yameganda. Mengi huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na kupimwa kwa kilo. Naliona jambo hilo kuwa hasara kubwa, kwa kuwa sehemu ya thamani zaidi, yaani sanduku la moto, mara nyingi bado ni nzima, na vinavyokufa ni vitu vidogo ambavyo ama vinauzwa madukani kwetu ama mafundi wa vyuma wa Katwe, mjini Kampala, wanaweza kuviunda.

Nimeufungua uzi huu kwa sababu nyingine pia. Wengi wanaoyafufua majiko haya huanzia nje. Hupaka mfuniko rangi, hununua magurudumu mapya na kupiga picha, ilhali mpira wa gesi umepasukapasuka na vichomeo vimetoboka kwa kutu. Kwangu mimi, jiko limekaribia upya wake pale linapowaka sawasawa kuanzia kichomeo cha kwanza hadi cha mwisho, bila kuvuja gesi popote. Mng'aro una nafasi yake, nami nitaufikia, lakini uje baada ya moto.

Kabla hujatoa fedha, nenda na sumaku na tochi. Toa nyavu za kuchomea na yale mabati yaliyolala juu ya vichomeo, kisha chunguza sakafu ya sanduku. Likiwa la aluminiamu ya kusubu, sumaku haitashika, na ule unga mweupe unaouona pembeni ni oksidi tu ambayo husuguliwa ikatoka. Likiwa la bati la chuma, bonyeza kwa bisibisi kwenye pembe za chini na pale linapofungwa na miguu kwa bolti. Bisibisi ikipenya, liache jiko hilo, hata kama mfuniko wake unapendeza. Kwa vyuma visivyoshika kutu, sumaku hiyo hiyo itakusaidia kubashiri: aina ya 304, yenye takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli, karibu haivutwi kabisa, nayo huvumilia mvua kuliko aina ya 430 isiyo na nikeli ya kutajika, ambayo sumaku huinasa papo hapo.

Halafu tafuta kibao cha maelezo, ambacho kwa kawaida kimebandikwa nyuma au ndani ya mlango wa chini. Hapo utasoma kama jiko liliundwa kwa gesi ya mtungi, inayoandikwa LP, au kwa gesi asilia ya bomba, inayoandikwa NG. Sisi huku majumbani hatuna gesi ya bomba, kwa hiyo jiko la NG ni mtego kwa mnunuzi asiyejua. Meta moja ya ujazo ya propani ina nishati karibu mara mbili na nusu ya ile ya gesi asilia, na ndiyo maana jeti za NG, yaani vile vipande vyenye tundu la kutolea gesi, zina matundu mapana zaidi. Ukilifunga jiko la namna hiyo kwenye mtungi wetu bila kubadili jeti, moto utapanda kupita kiasi, utakuwa wa njano, na utatoa masizi yatakayoifunika nyama.

Nitaendelea na usafishaji, lakini kwanza naomba mwenye swali aulize.

Mchangiaji wa Bombo

Ahsante sana, ndugu. Nina jiko la namna hii nililoachiwa na jirani. Shida yangu ni kwamba ndani ya mfuniko rangi nyeusi inabambuka na vipande vinaangukia chakula. Mke wangu amekataa kabisa kuku wetu wachomewe humo, na sina hoja ya kumpinga. Je, mfuniko huo unaweza kupakwa rangi upya kwa ndani?

Mwanzisha uzi, Entebbe

Usipake kitu chochote ndani, kaka. Mifuniko mingi ya majiko haya haikupakwa rangi kwa ndani tangu kiwandani, na ile iliyo na kauri haibambuki kwa magamba laini. Hayo unayoyaona ni moshi na mafuta yaliyogeuka kaboni, yakajengeka tabaka juu ya tabaka, na sasa yanaachia. Yakwangue kwa kisu cha kupakia putty cha plastiki au kipande cha ubao uliochongwa, suuza kwa maji moto na sabuni ya vyombo, kisha washa jiko hadi lipate joto na ukwangue tena. Shemeji atakubali mara atakapouona mfuniko mtupu.

Hapa ndipo mahali pa kusema kuhusu kostiki, kwa sababu inauzwa kila mahali kwa ajili ya watengeneza sabuni na wengi huikimbilia kuyeyusha mafuta. Kostiki huila aluminiamu yenyewe. Ukiimwaga ndani ya sanduku la aluminiamu, itachemka, itatoa haidrojeni inayoweza kushika moto, na utabaki na sanduku lenye vishimo na kuta nyembamba. Dawa nyingi za kupuliza za kusafishia oveni zina kostiki ndani yake, hivyo soma kopo kabla. Kwa aluminiamu mimi hutumia maji moto, sabuni ya vyombo, bikaboneti ya kupikia iliyokorogwa ikawa nzito, na subira. Uji huo hupakwa jioni, ukafunikwa kwa gunia lililoloweshwa, na asubuhi mafuta yanatoka kwa kipande cha ubao. Kwa chuma cha kawaida na chuma cha kusubu kostiki inafanya kazi vizuri, ila vaa glavu ndefu na miwani, na watoto wasiwepo.

Mafuta haya ni ya kuondolewa yote, hata yasiyoonekana. Trei ya chini ikiwa imejaa, ndiyo inayowasha ule moto mkubwa ambao watu huulaumu mtungi. Nimeona sanduku la aluminiamu lililopinda sakafu kwa sababu hiyo tu.

Fundi wa Katwe

Mzee, naunga mkono, na ninaongeza jambo la bolti kwa sababu huku ndiko majiko hutufikia yakiwa yameharibiwa. Mtu anakuja na bolti iliyokatika ndani ya sanduku la aluminiamu, na kuitoa ni kazi kuliko kutengeneza jiko lenyewe. Bolti ya chuma iliyokaa miaka ndani ya aluminiamu huuma kwa kutu ya metali mbili tofauti. Ipulizie mafuta ya kulegeza kutu, iache ilale, kisha siku ya pili ikaze kidogo kwanza kabla ya kuilegeza, mpaka usikie mlio mdogo wa kuachia. Ikigoma, pasha aluminiamu iliyoizunguka kwa tochi ya gesi, wala usiipashe bolti yenyewe, kwa kuwa aluminiamu hutanuka haraka kuliko chuma na tundu litaachia. Wakati wa kurudisha, tumia bolti mpya zisizoshika kutu na upake grisi ya shaba kwenye nyuzi zake. Kichwa cha nati kikiwa kimeliwa, kikate kwa grinda mapema usipoteze muda.

Watu pia hutuomba tuwakatie yale mabati ya kukinga vichomeo kutoka kwenye bati lolote lililopo. Tafadhali leteni bati la 304, hata la milimita 1 linatosha.

Mwanzisha uzi, Entebbe

Nakushukuru, fundi, na hilo la mwisho nalisisitiza. Mabati ya kuezekea na nyavu za waya zilizopakwa zinki hazifai ndani ya jiko hili kwa namna yoyote. Zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto 419.5 za Selsiasi, na kipande kilichokaa juu ya kichomeo kinaweza kuikaribia au kuipita joto hiyo. Hata kabla ya hapo tabaka lake huharibika, na hakuna sababu ya kuweka chakula juu ya kitu cha namna hiyo wakati bati la 304 lipo mjini. Nimeona pia watu wakisuka wavu wa kuchomea kutoka kwa waya wa fensi. Huo nao ni wa zinki.

Wale wenye majiko ya zamani sana watakuta mawe ya lava badala ya mabati. Ulikuwa mtindo wa kawaida hadi kampuni ya Weber ilipotoa jiko lake la Genesis mwaka 1985, likiwa na vyuma vilivyopinda juu ya vichomeo, ambavyo huyapokea matone ya mafuta, huyageuza moshi na kuyaelekeza yaliyobaki chini kwenye trei. Mawe yakishanyonya mafuta hushika moto wenyewe na kuibabua nyama. Ukilipata jiko la mawe, mwombe fundi akukunjie vyuma vya namna hiyo vya kukalia pale pale mawe yalipokaa. Ni badiliko moja ambalo naliona ni bora kuliko uasilia wa jiko.

Mchangiaji wa Arua

Wavu wangu ni chuma kizito cha kusubu na umeliwa na kutu mpaka rangi yake ya zamani haionekani. Nimeambiwa niuloweke kwenye siki. Je, itatosha?

Mwanzisha uzi, Entebbe

Siki inafaa kwa kutu nyepesi, dada au kaka, kwa usiku mmoja na si zaidi, maana ikimaliza kutu huanza kuila chuma yenyewe. Kwa kutu nzito napendelea umeme. Utahitaji beseni kubwa la plastiki, maji, magadi ya kufulia yapatayo kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne, chaja ya betri ya gari, na kipande cha chuma chakavu cha kawaida. Waya hasi wa chaja hufungwa kwenye wavu, waya chanya hufungwa kwenye chuma chakavu, na vyuma hivyo viwili visigusane. Ukiwasha, utaona vipovu vidogo vikipanda kutoka kwenye wavu na kutu ikigeuka kuwa tope jeusi linalofutika kwa brashi. Fanya kazi hiyo nje, kwa sababu vipovu hivyo ni haidrojeni, na uzime chaja kabla ya kugusa chochote ndani ya maji. Chuma kisichoshika kutu kisitumike kama chuma chakavu cha upande wa chanya, kwa kuwa kromiamu yake hutoka majini katika hali ya sumu. Wala sanduku la aluminiamu lisitiwe humo.

Ukishausuuza, ukaushe mara moja juu ya moto, la sivyo utaona kutu ya rangi ya chungwa ikichipuka mbele ya macho yako. Kisha upake mafuta ya kupikia kwa tabaka jembamba sana, ufute kana kwamba unataka kuyaondoa yote, na uupashe moto hadi moshi ukome. Rudia mara kadhaa mpaka uwe mweusi na mlaini. Nyavu zilizopakwa kauri zina kanuni nyingine: kauri ikishabanduka kwa vipande, haitengenezeki nyumbani, na vipande vyake ni vikali, kwa hiyo zibadilishwe.

Kuhusu brashi za waya, zitumieni kwenye ukarabati tu, kisha zioshe nyavu vizuri. Kwa usafi wa kila siku zinaacha nywele za chuma ambazo hung'ang'ania wavuni na kuingia kwenye nyama. Mwaka 2012 CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, kilitoa taarifa ya wagonjwa waliomeza nywele hizo na kujeruhiwa kooni au tumboni. Nusu ya kitunguu kilichochomekwa kwenye uma, kikisuguliwa juu ya wavu wa moto, kinasafisha vizuri na hakimdhuru mtu.

Mchangiaji wa Mbarara

Naheshimu kazi yenu, lakini nauliza kwa nia njema: kwa nini tusiung'oe huo mfumo wa gesi wote, tukatia mkaa? Sanduku lipo, wavu upo, na mbuzi wa mkaa hana mpinzani. Anayetaka ushahidi asimame Lukaya kwenye barabara ya Masaka, au Namawojjolo kwenye barabara ya Jinja, aone watu wanavyonunua.

Mwanzisha uzi, Entebbe

Mzee wangu, muchomo, yaani nyama choma, wa Namawojjolo siupingi, na nyumbani sigiri yangu ya mkaa haijastaafu. Ila sanduku la gesi halikuundwa kubeba makaa. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, na kitanda cha mkaa kinachopata hewa ya kutosha hupita kiwango hicho kwa urahisi, kwa hiyo sakafu italegea kabla ya kuku wa pili. La bati nalo litapinda na kuungua rangi. Zaidi ya hayo, matundu yake ya hewa yamekaa mahali pa gesi, hivyo mkaa utakuwa unazimika upande mmoja na kuunguza upande wa pili. Anayetaka jiko la mkaa, fundi atamchomelea la pipa kwa gharama ndogo, likadumu. Hili la gesi lina faida yake: unawasha saa ya kutoka kazini, unachoma samaki wawili aina ya ngege na ndizi za gonja, unazima, na hakuna majivu. Ladha ya moshi inatoka kwa matone ya mafuta yanayoangukia vyuma vya moto, na hiyo utaipata kama vyuma hivyo vimerudishwa vizuri.

Mchangiaji wa Jinja

Tufike kwenye gesi sasa, maana ndipo ninapoogopa. Langu lilitoka Marekani. Lina mpira wenye komeo kubwa la plastiki ambalo haliingii kwenye mtungi wowote niliojaribu. Muuzaji mmoja amenishauri nitumie ile regyuleta nyekundu ya kuzungusha, inayofungwa kwenye majiko makubwa ya kupikia harusini.

Mwanzisha uzi, Entebbe

Tafadhali usikubali ushauri huo. Regyuleta hizo za kuzungusha ni za shinikizo la juu, na zinaweza kusukuma gesi kwa bari nzima au zaidi. Jiko lako la Kimarekani limeundwa kwa takriban milibari 27, yaani sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Ukilifungia shinikizo la juu, vali zake, ambazo ni ndogo na laini, hazitaweza kuizuia gesi, na moto utatokea hata mahali ambapo hapakutengenezwa kwa ajili ya moto. Unachohitaji ni kukiondoa kile kipande cha Kimarekani chote pamoja na regyuleta yake na mpira wake, kisha kufunga regyuleta ya kawaida ya nyumbani inayoingia kwenye mtungi wako wa kilo 6 au wa kilo 12 na kitu. Regyuleta hizo huandikwa ubavuni milibari 28 hadi 30, nacho ni kiwango kinachokaribiana sana na cha jiko lako. Nunua mpira ulioandikwa kwamba ni wa gesi, wenye tarehe, na ufunge kwa klipu za skrubu pande zote mbili. Mpira wa maji, hata ukikaa vizuri, huliwa na gesi kwa ndani. Kiungo cha kuunganisha mpira na bomba la vali za jiko kina nyuzi za Kimarekani, hivyo bomba hilo lipeleke kwa fundi wa shaba liwe mfano wa kuundia kiungo kinachooana nalo. Usilazimishe nyuzi zisizooana kwa kuzungushia utepe.

Jeti zenyewe ni vipande vya shaba nyeupe au ya njano vilivyo mwishoni mwa kila vali, na tundu la kila moja ni jembamba, karibu milimita 1. Ziinue dhidi ya mwanga wa jua na uchungulie: tundu safi huonekana kama duara kali, na tundu lenye uchafu huonekana lenye ukungu au lenye pembe. Lisafishe kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki au kijiti cha meno kilicholoweshwa. Usitie sindano wala keekee, kwa sababu shaba ni laini na tundu likipanuka kidogo tu, kichomeo hicho kitakunywa gesi kuliko wenzake daima.

Nyuma ya jeti kuna mdomo wa kichomeo, ambamo gesi huvuta hewa na kuchanganyika nayo. Mdomo huo ndiyo nyumba wanayoipenda buibui na nyigu wanaojenga kwa udongo. Utando mmoja unatosha kuirudisha gesi nyuma, ikawaka nje ya kichomeo chini ya vidhibiti, pale mkono wako ulipo. Kuna buibui wanaovutwa na harufu ya mafuta na gesi. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda ililazimika kuyaita gereji magari yake aina ya Mazda6 huko Marekani kwa sababu ya buibui waliojenga kwenye bomba la kupumulia la tangi la mafuta. Kwa hiyo ng'oa kila kichomeo, pitisha brashi ndefu ya chupa kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, kisha gonga taratibu ukikisimamisha, uone kinachodondoka. Matundu ya juu yazibue kwa waya mwembamba. Ukikuta matundu mawili yameungana kuwa moja kwa kutu, kichomeo hicho kimekwisha. Fundi anaweza kukuundia kingine kwa bomba la 304, mradi matundu yawe kwa idadi na kipenyo kilekile cha zamani.

Baada ya kufunga kila kitu, vidhibiti vikiwa vimezimwa, fungua mtungi polepole na upake povu zito la sabuni kwa brashi kwenye kila kiungo: kwenye regyuleta, kwenye klipu, kwenye kila vali. Povu likivimba, gesi inavuja. Funga mtungi, kaza au badilisha, upime tena. Kiberiti kisitumike kupima hata kwa mzaha. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kujikusanya kwenye mifereji na vyumba vya chini. Ile harufu kali mnayoisikia imetiwa makusudi ili itutahadharishe, na ikisikika jiko haliwashwi.

Mchangiaji wa Kabale

Nimefuata hatua hizo zote, wala povu halikuvimba mahali popote. Hata hivyo moto wangu una ncha ndefu za njano, na sufuria inashika masizi. Jeti ni safi na buibui hakuna. Shida ni nini?

Mwanzisha uzi, Entebbe

Shida ni Kabale yenyewe, ndugu, wala si kosa lako. Mnaishi juu ya meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, na hata Kampala iko kwenye meta 1,200 hivi, ambako shinikizo la hewa ni takriban asilimia 87 tu ya lile la Mombasa. Jeti inatoa gesi ileile, lakini hewa inayovutwa ina oksijeni kidogo kwa kila lita, hivyo moto unakosa pumzi na kuwa wa njano. Kanuni za Marekani za vifaa vya gesi hupunguza nguvu ya kichomeo kwa asilimia 4 kwa kila futi 1,000, yaani karibu meta 300, kifaa kinapofungwa juu ya futi 2,000.

Anza na kile kikomeo cha hewa kilicho kwenye mdomo wa kichomeo, ambacho ni kibati kidogo chenye skrubu. Kilegeze, kifungue zaidi, na urudie kuwasha jioni jua likishazama, kwa sababu mchana moto wa bluu hauonekani vizuri. Unatafuta moto wa bluu uliokaa juu ya matundu, wenye vincha vidogo vya njano. Ukiinuka na kuachana na kichomeo huku ukivuma, hewa imezidi, kipunguze. Mjini Kampala hilo peke yake mara nyingi linatosha. Kwenu Kabale huenda ukafungua kikomeo chote na njano ikabaki. Hapo utahitaji jeti zenye tundu dogo kidogo, na hizo ziagizwe kwa vipimo vya mtengenezaji, zisizibwe kwa kulehemu na kutobolewa upya kwa makadirio.

Mchangiaji wa Bombo

Mfuniko umetoka mweupe ndani, na nyumbani tumeruhusiwa kuku. Sasa nje: rangi gani, na kiwashio kimekufa.

Mwanzisha uzi, Entebbe

Hongera kwenu. Kiwashio kwanza. Kama ni cha betri, fungua kitufe utoe betri iliyovuja na usugue vituo vyake. Kama ni cha kubonyeza chenye mlio, tatizo kwa kawaida liko kwenye kauri nyeupe iliyopasuka au kwenye ncha iliyopinda mbali na kichomeo. Ncha hiyo ikae umbali wa milimita 4 hadi 5, na kauri ikiwa na ufa, cheche itarukia pembeni, kwa hiyo ibadilishwe.

Kwa nje, angalia kwanza kama mfuniko umepakwa kauri au rangi. Kauri inang'aa kama sahani na haitaki msasa. Isugue kwa dawa ya kung'arisha rangi ya gari na iache. Mfuniko wa rangi usuguliwe kwa msasa wa namba 120 kisha 240, ufutwe kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke safi, na upuliziwe rangi ya joto kali, ile ya mabomba ya moshi ya magari, ambayo wauzaji wa vipuri wa Kisekka wanayo. Tabaka mbili au tatu nyembamba ni bora kuliko moja nzito. Ikishakauka, iive: washa moto mdogo, ongeza taratibu, iache ipoe, kisha rudia kwa moto mkubwa zaidi, bila chakula ndani. Isipoivishwa itabaki laini na kukwaruzika kwa ukucha. Miguu na rafu ya chini hazipati joto, hivyo red oksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, na rangi ya kawaida ya mafuta zinatosha, lakini red oksaidi isisogee karibu na sanduku.

Ubao wa pembeni ukiwa umeoza, tafuta mabaki ya mvule kwa maseremala wa Ndeeba. Mvule huvumilia jua na mvua, na ukipakwa mafuta ya kitani kila msimu hauhitaji vanishi.

Mchangiaji wa Jinja

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mvua za Machi zinakuja. Nilifunike kwa turubai muda wote?

Mwanzisha uzi, Entebbe

Lifunike, lakini likishapoa kabisa na likishakauka, kwa sababu turubai juu ya jiko lenye unyevu hulifuga kutu kuliko mvua yenyewe. Acha uwazi chini upepo upite, funga mtungi kwenye vali yake, na utoe trei ya mafuta isivute panya. Mtungi ukae wima nje, penye kivuli, usiingizwe sebuleni wala stoo. Na kila baada ya msimu wa mvua, kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, chungulia midomo ya vichomeo na upake povu tena kwenye viungo vyote.